Steki ya bucha na ugumu wake juu ya mkaa

"Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Tanga mjini. Jumamosi jioni huwa tunabanika nyama uani kwa jiko la mkaa. Ijumaa nanunua steki kilo mbili Ngamiani, naikata vipande vikubwa, naitia ndimu nyingi, kitunguu thaumu na papai bichi, kisha nailaza usiku kucha. Ikiiva, juu inakuwa kama uji na ndani haitafuniki. Nikinunua mbavu na kuzibanika hivyo hivyo, zinakauka na nyama haiachi mfupa. Mume wangu anasema muuza bucha ananipa ng'ombe mzee. Mama yangu anasema kila nyama ichemshwe kwanza. Jirani amenishauri nitie vidonge vya maumivu wakati wa kuchemsha ili ilainike. Katika video nawaona watu wanachoma steki dakika chache tu na inakatika kama keki. Nakosea wapi, na ninunue sehemu gani ya ng'ombe?"

Dada yangu, nianze na ushauri wa jirani yako, kwa sababu huo hauwezi kungoja hadi mwisho wa jibu. Usitie kidonge chochote cha maumivu katika chakula. Paracetamol haikutengenezwa kwa ajili ya kulainisha nyama, na huwezi kutegemea kwamba moto wa sufuria utaiondoa. Itabaki katika supu na katika nyama, na kila anayekula atameza kiasi ambacho hata wewe mpishi hukijui, akiwamo mtoto wako mdogo, na akiwamo yule aliyekwisha kumeza vidonge vyake vya homa asubuhi hiyo. Dawa hiyo ikizidi huharibu ini, na mtu anaweza kujiona mzima kwa siku nzima ilhali ini linaumia. Ikiwa umekwisha kujaribu na watu wamekula, nenda nao hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri dalili, na mweleze daktari idadi ya vidonge ulivyotia.

Sasa tuje kwenye nyama yenyewe. Nimeyasoma maelezo yako zaidi ya mara moja, na ninavyoona mimi tatizo lako la kwanza limo katika neno moja, nalo ni steki. Katika bucha zetu neno hilo halitaji sehemu yoyote ya ng'ombe. Maana yake ni nyama isiyo na mfupa, basi. Kwa kuwa paja ndilo lenye minofu mingi kuliko sehemu nyingine, anayeomba steki mara nyingi hurudi nyumbani na paja, au nyama ya begani iliyotolewa mfupa, na muuzaji hakumdanganya. Wale unaowaona katika video wana neno linalofanana kwa sauti, lakini wao wanakusudia kipande cha mgongoni kilichokatwa kwa upana, tena cha ng'ombe mchanga aliyenenepeshwa kwa nafaka, na nyama yake ikakaa katika baridi wiki mbili au zaidi kabla ya kuuzwa. Wewe umechukua paja la ng'ombe mwenye nundu, aliyekula majani na kutembea kutafuta malisho na maji, akachinjwa alfajiri, ukataka litende kama mgongo wa yule wa kwanza. Mumeo huenda ana haki kidogo, maana umri wa mnyama huongeza ugumu, lakini hata ndama asingekupa matokeo unayoyataka kwa njia uliyotumia.

Ili uone ninachokisema, chukua kipande cha paja kibichi ukiweke kwenye ubao karibu na dirisha, kisha ukivute kidogo kwa vidole viwili. Utaona mistari myembamba imelala upande mmoja, kama nyuzi za katani zilizopangwa, na baina ya mafungu ya nyuzi hizo utaona utando mweupe unaong'aa, mwembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu. Nyuzi ndiyo misuli yenyewe. Utando ule kwa sehemu kubwa ni kolajeni, protini inayofunga misuli pamoja na kuishikiza kwenye mifupa. Kiungo kinachofanya kazi nyingi, kama mguu, shingo na kifua, kina kolajeni nyingi. Kisichobeba mzigo, kama minofu iliyolala kando ya uti wa mgongo, kinayo kidogo sana. Mnyama anapozeeka kolajeni haizidi sana kwa wingi, bali hufungamana zaidi na kuwa sugu kwa moto.

Protini hizi mbili zinataka mambo yanayopingana, na hapo ndipo ugumu wote wa kupika nyama ya ng'ombe ulipo. Nyuzi za misuli huanza kujikaza kwenye nyuzijoto 50 hivi, na zikifika 65 au 70 zinakuwa zimekwisha kukamua sehemu kubwa ya maji yake, kwa hiyo kila dakika unayoongeza ni ukavu. Kolajeni nayo, ikifika nyuzijoto 60 na kidogo, hujikunyata na kukamua maji zaidi, na haianzi kulegea sawasawa mpaka ikae katika joto la zaidi ya 70 kwa muda mrefu, tena penye unyevu. Hapo huyeyuka polepole ikawa jelatini, ule ute unaofanya supu ya kongoro igande ikipoa na midomo inate unapokunywa. Kwa hiyo nyama yenye kolajeni kidogo inataka moto mkali na muda mfupi, na nyama yenye kolajeni nyingi inataka moto mdogo na saa kadhaa. Mbavu zako zilikaa pale katikati: moto ulitosha kuzikausha, muda haukutosha kuyeyusha kile kinachoshika nyama kwenye mfupa.

Ukishalielewa hilo, ng'ombe mzima anajipanga mwenyewe mbele yako. Sarara, ambayo wengine huita salala au fileti, ni minofu ya mgongoni, na hiyo ndiyo ya kubanika kwa haraka. Ni chache kwa kila ng'ombe na bei yake iko juu, nami sioni haja ya kuinunua kila wiki. Mbavu, kidari na shingo ni za moto wa polepole, na kwa pilau sijui nyama inayoshinda kidari chenye mafuta yake. Kongoro na mkia ni vya saa nne au zaidi. Nundu, ambayo wenye ng'ombe wasio na nundu hawaijui kabisa, ina mafuta yaliyopenya ndani ya nyama, na ukiibanika pembeni mwa moto kwa subira inajinyeshea yenyewe. Mimi nikiikuta buchani naacha kila kingine.

Paja ndilo linalowachanganya watu. Kolajeni yake inatosha kuligomesha juu ya mkaa, lakini kolajeni hiyo pamoja na mafuta ya paja havitoshi kulilinda katika sufuria, na ndiyo maana paja likichemshwa muda mrefu hulainika kwa namna mbaya, likawa nyuzi nyuzi kavu kama katani iliyoanikwa. Dawa yake ni kisu. Ukilikata kwa kufuata nyuzi, kila mlaji anapewa nyuzi ndefu azikate kwa meno. Ukilikata kwa kukingama nyuzi, katika vipande vyembamba kama unene wa kidole, kazi hiyo umekwisha kumfanyia. Kwa hiyo steki ya paja ifanye mishikaki, na baina ya vipande chomeka mafuta ya nundu au ya kidari, kama wafanyavyo wachoma mishikaki wetu wa mwambao, ili nyama ipate unyevu ambao yenyewe haina.

Liko jambo la pili ambalo halisemwi sana, nalo ni upya wa nyama. Sisi tunaisifu nyama ya leo, na kwa usafi tuna sababu, hasa katika joto la Tanga. Lakini misuli ya mnyama aliyechinjwa hukakamaa, na kwa ng'ombe ukakamavu huo hufika kileleni ndani ya siku ya kwanza. Baada ya hapo vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe huanza kuzikata nyuzi taratibu, na kazi hiyo huendelea kwa siku nyingi katika baridi. Ng'ombe wenye nundu wamejaliwa kizuizi kingi zaidi cha vimeng'enya hivyo kuliko ng'ombe wa Ulaya, kwa hiyo nyama yao huchelewa kulainika hata ikitunzwa vizuri. Ninachokushauri ni kununua siku mbili au tatu kabla ya siku ya kubanika, uifute nyama iwe kavu, uiweke ikiwa kipande kizima katika bakuli lililofunikwa, sehemu ya chini ya friji yenye baridi isiyozidi nyuzijoto 4. Usiipeleke moja kwa moja kwenye friza ingali na joto la kuchinjwa, kwa sababu misuli inayopatwa na baridi kali kabla haijamaliza kukakamaa hujifupisha, na ugumu huo hauondoki hata ukiipika kwa ustadi. Ikiwa umeme kwenu hukatika kwa saa nyingi, achana na mpango huu na uipike siku ile ile kwa njia ya polepole. Ulaini haustahili kununuliwa kwa nyama iliyochacha.

Kuhusu ndimu na papai, naelewa kwa nini uliongeza kipimo, kwa sababu kila mtu anatufundisha kwamba viungo vikikaa zaidi vinaingia zaidi. Havifanyi hivyo. Asidi ya ndimu hupenya milimita chache tu hata ikilala usiku kucha, na hapo juu ilipofika huibadili protini ikawa nyeupe na kavu kama nyama iliyokwisha kuiva vibaya. Papai bichi lina papaini, kimeng'enya kinachokata protini kwelikweli, nacho pia hubaki juu juu. Isitoshe, kazi yake kubwa huifanya nyama inapopata moto, kwenye nyuzijoto 60 hadi 70, kwa hiyo nyama iliyolala nayo usiku mzima hupigwa mara mbili, kwanza katika bakuli na kisha juu ya jiko. Ule uji uliouona ndio huo, na chini yake paja limebaki lilivyokuwa. Tumia kijiko kimoja cha chakula cha papai bichi lililokunwa kwa kilo moja ya nyama iliyokatwa vipande vidogo, tena kwa muda usiozidi saa moja kabla ya kubanika. Ndimu ikamulie nyama ikishaiva, harufu yake itakuwa hai zaidi. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya cha kulainisha, na inavumilika zaidi kuliko papai mkono ukizidi.

Kilichostahili kulala na nyama usiku kucha ni chumvi. Hiyo peke yake hupenya ndani kadiri saa zinavyopita na kuzisaidia nyuzi kushikilia maji zinapopata moto. Vijiko viwili vya chai visivyojaa kwa kilo moja vinatosha. Mara ya kwanza utaona maji yametoka. Usiyamwage, yatarudi ndani yakiwa na chumvi.

Mama yako ana haki kwa mbavu, hana haki kwa sarara. Ukiichemsha sarara umeiharibu kabla haijaona mkaa. Lakini mbavu ziweke katika sufuria na maji yanayozifunika kidogo, chumvi, tangawizi, kitunguu thaumu, pilipili manga na, ukipenda, iliki ya Amani kule Usambara, kisha uziache kwa moto mdogo kiasi kwamba maji yanatikisika tu, hayatokoti. Watu wengi huongeza moto wakidhani nyama itawahi. Maji yanayotokota kwa fujo hapa kwetu pwani yana nyuzijoto 100 sawa na yale yanayochemka kwa utulivu, na unachokiongeza ni kuni au gesi tu. Kule Lushoto, kwenye urefu wa mita 1,400 hivi, maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, ndiyo maana sufuria ya mifupa huko hukaa zaidi. Jiko la presha hufanya kinyume chake, kwa kuwa ndani yake joto hupanda hadi karibu 120, na mbavu zinazotaka saa moja na nusu hadi mbili huiva kwa dakika arubaini hivi. Alama ya kuangalia si saa, ni uma: uingie na kutoka bila kuinua ubavu, na ncha ya mfupa iwe imeanza kujitokeza kwa kuwa nyama imerudi nyuma. Hapo zitoe, ziache zikauke kabisa, zipake mafuta kidogo na viungo vyako, uzipitishe juu ya mkaa dakika kumi hivi zipate rangi. Supu iliyobaki iwe ya asubuhi ya Jumapili.

Nimesisitiza zikauke kwa sababu rangi na harufu ile ya nyama ya kuchoma hutokana na protini na sukari kukutana katika joto la nyuzijoto 140 na zaidi, jambo lililoelezwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Nyama iliyolowa haiwezi kupita 100 mpaka maji yake ya juu yaishe, kwa hiyo inajichemsha huku wewe ukidhani unabanika. Utasikia pia kwamba moto mkali wa mwanzo hufunga maji yasitoke. Haufungi kitu, ile sauti ya kuchachatika unayoisikia ni maji yakiendelea kutoka. Moto mkali tunautaka kwa ajili ya ladha.

Jikoni penyewe, washa mkaa mapema, ukiuongezea vifuu vya nazi ukiwa navyo, na usiweke nyama mpaka makaa yavae majivu meupe. Yasogeze upande mmoja wa jiko ili upate upande mkali na upande wa kupumzishia. Sarara yenye unene wa vidole viwili ipate dakika tatu hivi kila upande penye moto mkali, kisha ihamie pembeni hadi ndani ifike nyuzijoto 65 hivi, ipumzike dakika tano, ndipo uikate. Mishikaki igeuze mara kwa mara kwa dakika nane hadi kumi. Mafuta yakidondoka na kuwasha ndimi za moto, hamisha nyama badala ya kumwagia maji, maana majivu yataruka juu yake. Na mvua ikiwanyeshea uani, msiingize jiko la mkaa chumbani; gesi yake ya sumu haina harufu na huua watu waliolala.

Wengine wataniuliza kuhusu nyama mbichi kidogo ndani, kama ile ya video. Maji mekundu unayoyaona si damu, ni rangi ya misuli yenyewe, na wekundu peke yake haukuambii kama nyama ni salama. Kipimajoto cha nyama kinakuambia. Kipande kizima kifike walau nyuzijoto 63 na kupumzika dakika tatu, nyama ya kusaga ifike 71, kwa sababu kusaga huchukua vijidudu vya juu na kuviingiza ndani. Kama huna kipimajoto, kata kipande kinene zaidi na uhakikishe hapana sehemu laini yenye rangi ya nyama mbichi. Kwa watoto na kwa mama mjamzito pika hadi ndani kabisa. Hapa kwetu iko sababu nyingine, nayo ni tegu wa ng'ombe. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, na ukikata ukaona vijifuko vyeupe vyenye maji, vidogo kama punje ya njegere, usiipike wala usiitupie paka. Irudishe na umwarifu mkaguzi wa nyama au afisa afya wa kata. Mtu wa nyumbani kwako akiona vipande bapa vyeupe katika choo chake, aende zahanati, dawa yake ipo na si ya muda mrefu. Kuhara damu, au homa isiyokwisha baada ya kula nyama au kunywa maziwa mabichi, ni mambo ya daktari pia, si ya mpishi.

Msaada wa mwisho utaupata kwa muuza bucha mwenyewe, ana kwa ana, kwa kuwa mimi sioni ng'ombe aliyetundikwa mbele yako. Nenda mapema wakati bado hana foleni, usimwambie steki, mwambie unataka kubanika na uliza sarara imebaki kiasi gani. Mwombe akuoneshe nyuzi zimelala upande gani kabla hajashusha panga, na akuuzie kipande kizima ukakikate mwenyewe nyumbani. Akisema sarara imekwisha leo, chukua mbavu na uanze sufuria saa tisa alasiri. Ukichukua paja, basi iwe ni kwa mishikaki.